Chuma Kinachogombewa na Mtoto na Malaria

Mtoto aliyepauka viganja, anayechoka mapema mchezoni, hapa Ngamiani, Tanga, huandikiwa tiba na majirani kwanza: mchicha, maini, juisi ya rozela. Ushauri mwema. Ila katika pwani yetu sahani peke yake haimalizi tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu.

Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni. Ubongo nao hukihitaji mno katika miaka 2 ya mwanzo. Kikikosekana wakati huo, mtoto huchelewa kujifunza, na kumpa chuma baadaye si lazima kurudishe kilichopotea. Na si mlo tu unaokipunguza: minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Malaria hupasua chembe nyekundu, kisha hufanya jambo la pili lisiloonekana: mwili unapopambana na homa, ini hutoa homoni ya hepisidini, inayozuia utumbo kupitisha chuma. Dagaa wa mtoto mgonjwa huliwa, lakini chuma chake kingi hakifiki kwenye damu.

Kwa nini mwili ujinyime? Jibu moja limetoka jirani kabisa, Muheza. Watafiti walifuatilia watoto 785 hadi umri wa miaka 3, wakachapisha matokeo mwaka 2012: wenye upungufu wa chuma walipata malaria kali mara chache kuliko wenzao, na vifo vyao vilikuwa vichache. Kimelea cha malaria nacho hutaka chuma ili kizaliane.

Kisiwani Pemba walikuwa wameshaonja ukali wa jambo hili. Huko maelfu ya watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na foliki asidi kila siku, bila kupimwa kwanza nani amepungukiwa. Agosti 2003 vidonge hivyo vilisimamishwa, kwani waliovipata walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiovipata. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliopungukiwa kweli walinufaika.

Nisieleweke kwamba upungufu ni kinga ya kutamaniwa. Gharama yake kwa ubongo ni kubwa mno. Ninachosisitiza ni mpangilio: chandarua, kipimo cha malaria na dawa ya minyoo viende sambamba na chuma, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza kwa maeneo yenye malaria. Vidonge vya dukani bila kipimo, hapana.

Chakula hakina hatari ile ya vidonge, maana chuma chake huingia kidogo kidogo. Tembele na kunde vikiliwa pamoja na chungwa la Muheza, vitamini C huongeza chuma kinachofyonzwa. Chai ya rangi hukipunguza, basi isubiri walau saa 1 baada ya mlo. Na mkunga akichelewa dakika 1 hadi 3 kubana kitovu, mtoto hupata akiba ya chuma ya miezi kadhaa.