Kuchagua Muundo wa Utawala wa Usafiri wa Abiria wa Kila Siku: Mafunzo ya Reli kwa Njia ya Kanga, Kilindoni na Nyamisati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua muundo wa utawala wa huduma ya usafiri wa abiria inayovuka mipaka ya halmashauri zaidi ya moja. Kwa kawaida suala hili hujadiliwa kwa kurejelea treni zinazounganisha jiji na viunga vyake. Kisiwa cha Mafia hakina reli. Hata hivyo, mkazi wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa, hukabiliwa na suala lilo hilo kila anaposafiri kwenda bara. Husafiri kwa gari au bodaboda hadi Kilindoni, huvuka bahari hadi Nyamisati katika Wilaya ya Kibiti, kisha hutafuta basi la kwenda Dar es Salaam. Kwake hiyo ni safari moja. Kisheria ni huduma kadhaa zenye wasimamizi tofauti.

Hoja kuu ya makala ni kwamba ubora wa muundo wa utawala haupimwi kwa kuuliza nani anamiliki chombo, bali kwa kuuliza nani anawajibika pale huduma moja inapokabidhi abiria kwa nyingine.

2.0 Dhana ya Muundo wa Utawala

Katika makala haya, muundo wa utawala ni mgawanyo wa mamlaka katika mambo manne: kumiliki miundombinu, kuendesha huduma, kudhibiti usalama na nauli, na kuamua kiwango cha huduma, yaani ratiba, idadi ya safari na chanzo cha fedha za kufidia nakisi. Mambo matatu ya kwanza aghalabu hupewa mwenyewe katika sheria. La nne husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo linalomgusa abiria moja kwa moja. Usafiri wa kila siku mara chache hujiendesha kwa nauli pekee. Kwa hiyo mwenye kuamua idadi ya safari anaamua pia ukubwa wa ruzuku.

Miundo inayoweza kuchaguliwa nchini ni minne: shirika au wakala wa serikali kuu, ukodishaji au ubia na sekta binafsi, mamlaka mahususi inayopanga huduma na kumwachia mwingine uendeshaji, na chombo cha pamoja cha halmashauri husika.

3.0 Uzoefu wa Reli na Mabasi Yaendayo Haraka

Tanzania imepitia zaidi ya muundo mmoja kati ya hiyo. Sheria ya Reli ya mwaka 2002 ilitenganisha miundombinu na uendeshaji: RAHCO ikabaki na njia na mali za reli, na mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa TRL, kampuni ambayo RITES ya India ilimiliki asilimia 51 na Serikali asilimia 49. Ukodishaji huo ulikusudiwa kudumu miaka 25, lakini ulivunjika kabla ya kutimiza mitano. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha tena RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania. Funzo lililopo ni kwamba kutenganisha mmiliki na mwendeshaji si kosa kwa asili yake. Kosa huanza pale ambapo hakuna chombo chenye nguvu ya kuwabana wote wawili.

Treni za abiria za Dar es Salaam zilizoanza Oktoba 2012 zinaonesha upande mwingine. Jiji lilipata huduma mbili kwa wakati mmoja: ya TRL, kwenye reli ya upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA, kwenye reli ya milimita 1,067. TAZARA ni mamlaka ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, hivyo uamuzi wake haukuwa mikononi mwa jiji wala mkoa. Abiria walikuwa wa jiji moja, ila waamuzi wao hawakukaa meza moja.

Muundo wa tatu unaonekana katika Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulioundwa mwaka 2007. Wakala hupanga na kusimamia, na uendeshaji wa mabasi ulipoanza mwaka 2016 ulikuwa wa kampuni tofauti. Mantiki hiyo inafanana na ile ya Hamburg, Ujerumani, ambako tangu mwaka 1965 waendeshaji mbalimbali walibaki na vyombo vyao, huku ratiba na tiketi vikiratibiwa na chombo kimoja.

4.0 Hali ya Njia ya Kanga

Katika njia hii, barabara kuu na za mkoa ni jukumu la TANROADS, na za wilaya ni la TARURA. Leseni na nauli za mabasi ziko kwa LATRA. Magati ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ambayo ndiyo iliyojenga gati la Nyamisati. Kivuko cha MV Kilindoni kiko chini ya TEMESA, wakala ulioundwa mwaka 2005. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC. Halmashauri za Mafia na Kibiti, ambazo wananchi huzipelekea malalamiko, hazimiliki hata kiungo kimoja kikuu cha mnyororo huu.

Kila taasisi inaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na safari ikashindikana. Kivuko kikiondoka kwa saa iliyopangwa kulingana na maji kujaa na kupwa, nalo gari la Kanga likachelewa kwa sababu ya mvua za masika, hakuna aliyekosea kisheria. Lakini mgonjwa mwenye rufaa ya kwenda bara amebaki Kilindoni, na samaki wa mvuvi wanaharibika. Majira ya kusi yanapochafua bahari na safari kuahirishwa, taarifa ikiishia gatini haimfikii aliyekwisha kulipa nauli kutoka Kanga.

5.0 Upimaji wa Miundo

Kuikabidhi njia yote kwa mwendeshaji binafsi chini ya Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 kunaweza kuleta mtaji, lakini uzoefu wa reli unaonya kwamba mkataba bila msimamizi imara huiacha Serikali ikibeba hasara. Kuunda mamlaka mpya mfano wa DART ni gharama isiyolingana na wilaya ambayo sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438. Kuzipa halmashauri kivuko chenyewe kungezitwisha matengenezo yanayohitaji mafundi na fedha zisizokuwa nazo.

Usalama, kwa upande wake, haupaswi kuingizwa katika chombo kinachouza tiketi. MV Nyerere, kivuko cha TEMESA, kilipozama karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, bodi za TEMESA na ya mdhibiti wa wakati huo, SUMATRA, zilivunjwa. Mdhibiti na mwendeshaji walikuwa taasisi mbili, na bado abiria walizidi uwezo wa chombo. Kuwatenganisha ni sharti la lazima, lakini halitoshi: lazima awepo mtu gatini mwenye mamlaka ya kuzuia safari.

Muundo unaofaa zaidi, kwa hiyo, ni mseto. TEMESA iendelee kuendesha, TPA ibaki na magati, nayo TASAC ibaki na udhibiti. Jambo la nne, kiwango cha huduma, likabidhiwe kamati ya pamoja ya halmashauri za Mafia na Kibiti, chini ya uratibu wa Mkoa wa Pwani ambao wilaya zote mbili zimo ndani yake. Kamati iingie mkataba wa huduma na TEMESA unaotaja ratiba, wajibu wa kutoa taarifa hadi ngazi ya kijiji, na ruzuku inayotajwa waziwazi katika bajeti. Udhaifu wa pendekezo hili ni bayana: kamati isiyo na fungu la fedha itakuwa baraza la malalamiko tu. Ndiyo maana ruzuku ipite kwake badala ya kwenda kwa mwendeshaji moja kwa moja.

6.0 Hitimisho

Uzoefu wa reli haumpi mkazi wa Kanga treni, ila unampa kigezo. Muundo ufaao ni ule ambao, gari linapochelewa au bahari inapochafuka, ofisi moja inayojulikana inalazimika kutoa jibu, na ina uwezo wa kubadili ratiba ya kesho. Mgawanyo wowote wa umiliki unaotimiza sharti hilo unaweza kufanya kazi; usiolitimiza utaendelea kumwacha abiria Kilindoni, hata vyombo viwe vipya kiasi gani.