Kuacha ugali, wali na chapati: Ulaji wa 'mababu' unafanyaje kazi, na nani asiujaribu bila daktari?

"Mama, niwekee samaki na mboga tu. Ugali usiweke."

Miaka michache iliyopita, mama lishe akisikia hivyo angeuliza kama mteja anaumwa. Siku hizi anatikisa kichwa tu na kuongeza mchicha. Ofisini, gym na kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wengi wanajaribu kula bila nafaka: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chapati, hakuna mkate.

Wengine wanauita ulaji wa mababu. Kwa Kiingereza umejulikana kama Paleo, kifupi cha Paleolithic, yaani zama za mawe za kale, kabla binadamu hajaanza kulima.

Je, mababu kweli walikula hivyo? Mwili unafaidika? Na kwa nini mtu mwenye kisukari anaweza kuishia hospitali kwa kuuanza vibaya?

Wazo lilitoka wapi?

Mwaka 1975, daktari wa Marekani Walter Voegtlin alichapisha kitabu kuhusu chakula cha zama za mawe. Mwaka 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner waliandika makala ya kitaalamu katika jarida la New England Journal of Medicine. Hoja yao: mwili wa binadamu uliumbika kwa muda mrefu wa kuwinda na kuokota chakula, lakini kilimo kimekuwepo kwa takriban miaka 10,000 tu.

Mwaka 2002, Loren Cordain alitoa kitabu kilichoupeleka ulaji huu kwa watu wa kawaida.

Kanuni zake ni rahisi kuzikumbuka:

- Kinacholiwa: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi na mbegu za mitini kama korosho.
- Kinachoachwa: nafaka zote, maziwa, sukari, vyakula vya viwandani na jamii ya kunde.

Hapo kwenye jamii ya kunde ndipo wengi wanashtuka. Maharage, choroko, mbaazi, kunde na hata karanga vinatoka mezani. Kwa hiyo kisamvu cha karanga nacho kinakatazwa kwa anayefuata kanuni zote.

Mababu walikula nini hasa?

Hapa hadithi inakuwa tofauti kidogo na ile ya mitandaoni.

Mwaka 2009, mwanaakiolojia Julio Mercader alieleza kuhusu zana za mawe kutoka pango la Ngalue nchini Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa. Zilikuwa na mabaki ya wanga wa mtama pori, na umri wake ni zaidi ya miaka 100,000. Katika eneo la Ohalo II, kando ya Ziwa Galilaya nchini Israel, watu walikuwa wakisaga shayiri pori miaka kama 23,000 iliyopita.

Yaani kuna dalili kwamba nafaka ziliguswa na binadamu muda mrefu kabla ya shamba la kwanza.

Mwili nao haukusimama pale pale. Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa. Mabadiliko hayo ni tofauti na ya Wazungu, na yalitokea ndani ya miaka elfu chache tu.

Kwa upande mwingine, ugali wa mahindi si wa kale kama wengi wanavyodhani. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalifika Afrika baada ya safari za Wareno. Kabla ya hapo, sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilitegemea mtama, ulezi na uwele.

Lakini ukiutupa ugali kwa sababu hiyo, itabidi utupe pia mihogo, viazi vitamu, nyanya, parachichi na maharage. Vyote asili yake ni Amerika. Ndizi na magimbi navyo vilitoka Asia.

Vipi kuhusu Wahadzabe?

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hutajwa sana kwenye mijadala hii kwa sababu baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota.

Chakula chao cha asili ni nyama, mizizi, matunda pori, ubuyu na asali. Na asali si ya kuonja tu. Inachangia sehemu kubwa ya nguvu wanayoipata, hasa misimu yake ikifika. Kwa hiyo picha ya mtu wa kale aliyeishi kwa nyama tupu haiwafai.

Halafu kuna jambo ambalo video za dakika moja hulisahau: Wahadzabe wanatembea, wanachimba mizizi na wanapanda miti kila siku. Mtu anayekula kama wao kisha anakaa kwenye kiti saa tisa amechukua nusu tu ya maisha yao.

Mfano mwingine ni kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Daktari wa Sweden Staffan Lindeberg aliwachunguza wakazi wake miaka ya 1990 na kukuta magonjwa ya moyo na kiharusi ni nadra sana. Hawakutegemea nafaka. Lakini walikula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, nazi na samaki, na nguvu yao nyingi ilitokana na wanga.

Hili ndilo la kushika: bila nafaka si sawa na bila wanga. Ukiacha ugali ukala kiazi kitamu, bado unakula wanga. Ukiacha vyote viwili, huo ni ulaji mwingine kabisa, na athari zake ni nyingine.

Mbona kilo zinashuka haraka?

Wiki ya kwanza mzani unaweza kushuka kilo mbili au tatu, na hapo ndipo picha za "kabla na baada" huanza.

Kiukweli, sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa mfumo unaoitwa glaikojeni, na kila gramu moja hushikana na takriban gramu tatu za maji. Wanga ukipungua, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo. Siku ukirudi kwenye wali, yanarudi.

Baada ya hapo, mafuta nayo yanaweza kupungua, kwa sababu za kawaida tu. Soda, maandazi, chipsi na keki vimeondoka. Samaki, mayai na mboga vinashibisha muda mrefu. Mtu anajikuta anakula kidogo bila kuhesabu.

Utafiti unasema nini?

Upo, ila ni mdogo.

Mwaka 2007, timu ya Lindeberg ililinganisha ulaji huu na ule wa nchi za Mediterania kwa wanaume 29 wenye ugonjwa wa moyo na matatizo ya sukari. Baada ya wiki 12, kundi la ulaji wa kale lilikuwa limeboresha zaidi namna mwili unavyohimili sukari. Mwaka 2009, utafiti mwingine wa Sweden kwa wagonjwa 13 wa kisukari aina ya pili nao ulionyesha matokeo mazuri ya muda mfupi.

Mwaka 2014 ukaja wa muda mrefu zaidi: wanawake 70 wenye uzito uliopitiliza, waliokwisha kukoma hedhi, wakafuatiliwa miaka miwili. Baada ya miezi 6, waliokula kwa mtindo wa kale walikuwa wamepoteza mafuta mengi zaidi ya waliofuata mwongozo wa kawaida wa lishe. Baada ya miezi 24, tofauti hiyo ya mafuta ya mwili haikuonekana tena, ingawa aina moja ya mafuta kwenye damu ilikuwa imebaki chini zaidi kwao.

Kwa lugha nyepesi: unaweza kusaidia, hasa mwanzoni. Kuuendeleza ndiyo si mchezo.

Nani asianze bila daktari?

Wa kwanza ni mwenye kisukari anayetumia dawa.

Dozi ya insulini hupangwa kulingana na chakula unachokula. Vivyo hivyo vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, kama glibenklamaidi. Mtu akiacha ugali ghafla na kumeza dozi ile ile, dawa inaendelea na kazi wakati sukari ya kufanyia kazi ni ndogo. Sukari inaporomoka.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hata kuzirai. Ikitokea usiku, wa nyumbani wanaweza kudhani amelala tu.

Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka kitu chenye sukari: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15. Kama amezirai, asipewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kuna pia dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, mfano dapagliflozini. Kwa anayezitumia, kukata wanga kwa kiasi kikubwa kunaongeza hatari ya damu kujaa asidi, na hilo linaweza kutokea hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana.

Kosa jingine ni kuacha dawa zenyewe kwa sababu "sukari imeshuka". Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari, kwa vipimo, si wa mtu aliyeonekana kwenye simu.

Wengine wa kuwa makini:

- Mwenye ugonjwa wa figo. Nyama nyingi inaweza kuzidishia figo mzigo.
- Mjamzito na anayepanga kupata mimba. Kenya inalazimisha tangu 2012 unga wa mahindi na ngano wa paketi uongezwe virutubisho, ikiwemo asidi ya foliki inayosaidia kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Tanzania nayo ina kanuni za kurutubisha unga. Ukiacha unga, hakikisha unatumia vidonge vya foliki unavyopewa kliniki.
- Watoto. Wanahitaji nguvu ya kukua. Usiwaondolee uji kwa sababu wewe unapunguza tumbo.
- Anayehisi ngano inamdhuru. Apime kwanza kabla ya kuacha, kwa sababu kipimo cha ugonjwa wa siliaki kinaweza kukosea kama mtu ameshaacha ngano. Na ajue kwamba mahindi, mchele, mtama na ulezi kwa asili havina gluteni.

Ukitaka kujaribu, sahani iweje?

Kwa mtu mzima mwenye afya, si lazima iwe ghali wala ya kigeni.

Asubuhi: mayai mawili, kiazi kitamu cha kuchemsha na kipande cha parachichi. Mchana: samaki au dagaa, mboga za majani za kutosha, na magimbi au ndizi za kupika. Jioni: supu ya kuku, maboga na kachumbari.

Mambo manne ya kuzingatia:

1. Nyama isitawale. Mwaka 2015, kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kiliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha.
2. Nyuzinyuzi zisipotee. WHO inashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Ukitoa dona na maharage, mboga na matunda lazima viongezeke, la sivyo choo kitakuwa kigumu.
3. Kalsiamu. Kama umeacha maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni msaada mkubwa.
4. Mihogo michungu si ya kuchemsha tu. Ina sumu ya sianidi, na inahitaji kulowekwa na kukaushwa vizuri. Sehemu za Tanzania, Msumbiji na Kongo zimewahi kuona watu wakipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo uliotokana na mihogo isiyoandaliwa sawasawa.

Na sinia la familia?

Nyumba nyingi zinapika sufuria moja. Baba au mama akisema hali ugali, maana yake kuna mtu atapika mara mbili, na nyama itanunuliwa zaidi. Maharage ndiyo yanayobeba protini ya kaya nyingi kwa bei nafuu. Kuyaondoa ni uamuzi wa bajeti, si wa afya tu.

Ndiyo maana kuna njia ya katikati: punguza bonge la ugali hadi robo ya sahani, jaza nusu kwa mboga, robo iliyobaki iwe samaki, nyama au maharage. Badilisha sembe kwa dona, mtama au ulezi. Acha soda na maandazi ya kila asubuhi.

Mpango huo haumtengi mtu na sinia la nyumbani, na unaondoa vile vile ambavyo hata watetezi wa ulaji wa mababu wanavipiga vita zaidi: sukari, unga mweupe na mafuta ya kukaangia.

Kama una kisukari na bado unataka kuacha nafaka kabisa, nenda kliniki na daftari lako la vipimo kabla ya kubadilisha sahani. Mwambie daktari unataka kuacha nini na unameza dawa gani. Dozi ipangwe upya kwanza, ugali uondoke baadaye.