Betri Kubwa katika Gari Kuukuu, na Nikeli ya Ngara

Gari la umeme halizeeki kama lizeekavyo gari la petroli, maana mota yake, isiyo na pistoni wala plagi, yaweza kuzunguka miaka mingi bila ya taksiri, ilhali betri huchakaa mapema na kulifanya gari zima lionekane kuwa chuma chakavu. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na wapimaji wa serikali ya Marekani waliikadiria kwenda takriban kilomita 117 kwa chaji moja. Lakini betri ile haikuwekewa mfumo wa kuipoza, na joto ni adui mkubwa wa betri.

Chukua mfano wa safari moja: kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, ni kilomita 92 za barabara ya vilima. Leaf iliyopungukiwa theluthi ya nguvu zake itamwacha mwenyewe njiani kabla hajaliona daraja la Rusumo.

Mafundi wa nchi mbalimbali wamepata dawa yake, nayo ni kuishusha betri kuukuu na kupandisha ya Leaf iliyotengenezwa baadaye, aghalabu iliyopata ajali. Ile ya kilowati-saa 40, iliyotoka mwaka 2017, ina seli 192 kama ile ya kwanza, zimepangwa jozi 96 mfululizo, basi volti zake zinakaribiana, na uzito haukuongezeka sana. Hata hivyo gari lililozaliwa nayo lilipimwa kwenda kilomita 243.

Ziada hiyo asili yake ni kemia. Betri ya awali ilitegemea zaidi manganizi, madini ya bei nafuu yasiyohifadhi umeme mwingi. Iliyofuata imechanganywa nikeli, manganizi na kobalti, na nikeli, kwa wepesi wake wa kutoa na kupokea elektroni, huifanya kilo moja ya seli kubeba nguvu nyingi zaidi. Na nikeli si ngeni Ngara! Mwamba wa Kabanga umechunguzwa tangu miaka ya 1970, wachimbaji wakubwa wakija na kuondoka, mpaka ulipotiwa saini mkataba wa Januari 2021, ambao kwao Serikali ya Tanzania inamiliki asilimia 16 ya kampuni ya Tembo Nickel, na usafishaji ukakusudiwa kufanyika Kahama.

Kazi ya fundi, hata hivyo, haiishi kwa kukaza nati. Kompyuta ya gari la zamani haizielewi taarifa za betri mpya, hivyo hufungwa kati yake na betri hiyo kisanduku kidogo cha elektroniki, mkalimani wa pande mbili. Na volti zikaribiazo 400 hazimsamehe mzembe, basi fundi asiyejua kukata umeme wa betri kwanza na kuvaa glavu mahsusi asithubutu kuigusa. Betri iliyoshushwa nayo haitupwi, maana nguvu iliyosalia yatosha kuhifadhi umeme wa jua wa nyumba.

Kwa rai yangu, wilaya yenye nikeli chini ya ardhi yake, na maporomoko ya Rusumo yazalishayo megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi, haifai kubaki mtoaji wa mawe tu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na wenye mradi wa Kabanga wawafundishe vijana wa Ngara na Biharamulo ustadi huu sasa, kabla magari hayo hayajafika kwa wingi.