Nyumba ya Mimea Isiyopumua

Waalimu kadhaa na wazee wa jamaa za Kikristo wametuuliza habari za vitalu nyumba, yaani zile nyumba ndogo za miti na nailoni zijengwazo uani ili kupandia nyanya, hoho na miche ya mboga. Wengi wamezisikia zikisifiwa, nao wamekwisha kutia akiba yao ndani yake. Basi twapenda kuwaeleza jambo moja tulilojifunza kwa hasara, maana yule aliyetuuzia nailoni hakulitaja.

Sisi twakaa Korogwe, katika bonde la mto Pangani, penye joto jingi. Tulijenga nyumba ya namna hiyo nyuma ya nyumba yetu, urefu mita 8, upana mita 5, kwa miti ya mkaratusi na mianzi. Tukaifunga pande zote, tukaacha mlango mmoja tu, tukaona fahari kwamba hata nzi hapati njia. Miche ikakua upesi, ikatoa maua mengi, nasi tukaanza kuhesabu ada ya shule juu ya maua yale. Kisha yakaanza kupukutika. Kila asubuhi tuliyakuta chini, yamegeuka manjano, na vikonyo vyake vimekatika.

Binti yetu ndiye aliyepewa kazi ya kumwagilia. Tulimkemea, tukasema amefanya uvivu. Naye, kwa kuogopa, akazidisha maji. Alasiri akaenda tena na ndoo bila kuambiwa, hata mizizi ikaanza kuoza. Siku moja akatoka mle saa saba ya mchana, nguo zimelowa jasho, akasema, "Baba, mle ndani hapakaliki." Ndipo tulipoingia wenyewe, kwa kuwa mpaka siku ile tulikuwa tukiingia asubuhi na jioni tu, wakati wa ubaridi. Tukatundika kipimajoto katikati ya mimea, mahali pasipopigwa na jua. Kikaonyesha nyuzi 43. Nje, chini ya mwembe, zilikuwa 33.

Mnyanya hupendezwa na joto la mchana la nyuzi 21 mpaka 27 hivi. Likipita 32, chavua, yaani ule unga wa maua, huanza kuharibika, na ua lisilopata chavua nzuri huanguka. Usiku nao ukikaa na joto lipitalo 24, matunda hushika kwa shida. Tena ua la mnyanya hutaka kutikiswa na upepo au na nyuki ili chavua imwagike. Na katika nyumba yetu hapakuwa na upepo wala nyuki. Mtoto alikuwa hana kosa lolote. Tulimwita mbele ya mama yake, tukamwomba radhi.

Joto lile latoka wapi? Jua la saa sita, mbingu zikiwa wazi, huleta katika kila mita moja ya mraba nguvu ya wati 1000 hivi, kama pasi moja ya umeme iliyowashwa. Sehemu yake hurudishwa na nailoni, lakini nyumba yetu ina mita 40 za mraba, basi msomaji na afikiri mwenyewe pasi zile ni ngapi. Nje, udongo ukipata moto huipa hewa moto, hewa hiyo hupanda juu, na hewa baridi hushika mahali pake. Ndani ya nyumba iliyofungwa hewa haina pa kwenda. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert W. Wood, alitengeneza visanduku viwili, akafunika kimoja kwa kioo, cha pili kwa bapa la chumvi ya mawe, ambayo hupitisha joto lisiloonekana kwa macho ambalo kioo hulizuia. Akaviweka juani, navyo vikapata moto karibu sawasawa. Basi sababu kubwa ni kufungwa kwa hewa.

Bibi zetu walilijua hili jikoni. Waliacha upenyo kati ya ukuta na paa, moshi ukatoka juu, na hewa safi ikaingia mlangoni. Nyumba ya mimea yataka vivyo hivyo: mlango wa hewa chini, na mlango wa hewa juu. Ukifungua mmoja tu, umefanya nusu ya kazi. Tulipandisha upande mmoja wa paa upite mwenzake, tukaacha upenyo wa nusu mita kwa urefu wote wa nyumba, umeelekezwa upande usiokabili upepo, ili upepo upitao juu uivute hewa ya moto, na mvua isiingie. Chini, katika zile pande mbili ndefu, tukakata nailoni kimo cha mita moja, tukaifunga kwenye mianzi ili ikunjwe juu asubuhi na kushushwa wakati wa mvua ya upepo. Wataalamu husema milango ya hewa isipungue sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu. Kwetu sisi hiyo ni mita 8 za mraba. Tuliacha 20, wala hatujuti.

Tuliacha nyingi hivyo kwa sababu ya wavu. Milango hiyo yote yapasa kufungwa wavu, maana yuko yule mdudu aitwaye kantangaze, aliyeingia nchini mwetu mwaka 2014, naye hula majani na matunda ya nyanya hata shamba zima likaisha. Lakini wavu wenye matundu madogo sana ya kumzuia inzi mweupe huzuia na hewa pia. Atumiaye wavu wa namna hiyo na aongeze ukubwa wa milango mara mbili au zaidi.

Wengine hutuuliza kama haitoshi kunyunyiza maji sakafuni. Tazameni mtungi wa maji. Maji hupoa kwa sababu machache hupenya udongo wake na kugeuka mvuke, nao mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji igeukapo mvuke huchukua joto la kutosha kuchemsha lita 7 hivi za maji ya kisimani. Lakini mtungi hupoza vema Dodoma, penye hewa kavu, kuliko Tanga, ambako hewa imekwisha kushiba mvuke. Kwa hiyo ndugu zetu wa Ugogo na wanyunyize, watafaidika. Sisi wa huku, tukinyunyiza ndani ya nyumba iliyofungwa, twapata nyumba ya mvuke, na ukungu wa majani huja mbio. Majani yenyewe hutoa jasho ili yapoe, na hewa isipotembea jasho hilo halikauki. Tena mimea huitumia ile hewa ya ukaa katika kutengeneza chakula chake, nayo ni sehemu 420 tu katika milioni moja ya hewa. Milango ikifungwa mchana, mimea huipunguza upesi, ikabaki na njaa juani.

Kivuli chasaidia, ila kwa kiasi. Wavu wa kivuli upunguzao theluthi moja ya jua watosha. Uzidio hapo huleta miche mirefu na dhaifu. Asiye na fedha na apake nailoni chokaa nyepesi kwa nje, nayo mvua ikija itaiosha.

Baada ya kazi ile yote kipimajoto chasema 36 wakati nje ni 33. Hilo bado ni joto kubwa kwa mnyanya, twasema kweli. Kwa hiyo sasa twasia mbegu mwezi wa Aprili, ili maua yaje kuanzia Juni, wakati wa baridi yetu. Miezi ya Desemba mpaka Machi twapanda bamia na mchicha. Huko Lushoto, milimani, mambo ni mengine, nao watapanga kwa hali ya kwao.

Mavuno ya kwanza baada ya matengenezo yalikuwa matenga manne ya nyanya. Hayakutimiza ada yote, ila nusu yake. Binti yetu ndiye atunzaye kipimajoto, naye huandika daftarini saa moja asubuhi na saa saba mchana. Mwalimu atakaye kuitazama nyumba hiyo na aje saa saba.