Korosho za Chidya: Mzigo Kwanza, Tangazo Baadaye

Korosho ghafi huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza mwaka 2007. Bei huko hupangwa na mnada. Mfanyabiashara mdogo wa Chidya, wilayani Masasi, anaweza kupanga bei yake kwenye korosho zilizobanguliwa, na kuzitangaza kwa WhatsApp au Instagram.

Mpango uanze na mteja: ni duka la Dar es Salaam au mlaji wa nyumbani? Kisha akague mzigo, vifungashio na gharama ya kusafirisha, ndipo atangaze bei ya kilo. Akipokea malipo bila mzigo, hurudisha fedha na kupoteza jina.

Kila wiki ahesabu kilo zilizolipiwa, siyo waliosifia picha. Maulizo yakizidi mauzo, aangalie bei kabla ya kulipia matangazo zaidi.