Utangulizi: Kuingia Mbio za Magari kwa Mlango wa Klabu

Watu wengi wa Afrika Mashariki huyajua mashindano ya magari kupitia Safari Rally, na wana haki. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakawa Naivasha. Ubaya wake ni mmoja tu: kijana mwenye kigari kikuukuu na hamu kubwa akiyatazama huamini kwamba mchezo wote ni wa makampuni na matajiri. Kurasa hizi ni zake. Hoja yangu ni kwamba klabu hutangulia gari, na anayeanza na klabu hupoteza pesa chache na kujifunza upesi.

Pa kuanzia ni otokrosi. Nchini Kenya hukimbiwa kwenye udongo, katika njia fupi yenye kona nyingi, na magari huachiwa kwa kupishana ili yasikutane ndani ya vumbi. Hakuna kupigana vikumbo. Mpinzani ni saa. Kila dereva hukimbia raundi kadhaa siku hiyohiyo, na muda wake ndio unaompa nafasi. Marekani mchezo wa jina hilo huchezwa kwenye lami, katikati ya koni za plastiki, na anayeangusha koni huongezewa sekunde 2. Mimi naupendelea udongo, kwa kuwa haukai ulivyokuwa.

Asubuhi changarawe imetanda njia nzima. Magari ya kwanza huteleza juu yake na kuisukuma pembeni. Yanayofuata hukuta mstari uliokwisha fagiliwa, mgumu, ambao tairi zinaushika. Kufikia alasiri mstari huohuo umechimbika, na dereva mwerevu huuhama. Ndiyo maana inafaa kuitembea njia kwa miguu kila unaporuhusiwa, hata kama uliitembea saa mbili zilizopita. Halafu kuna breki. Ukizikanyaga, uzito wa gari huja mbele: magurudumu ya mbele hung'ata ardhi, ya nyuma huwa mepesi. Mgeni huingia kwenye kona kwa kasi, huogopa, hukanyaga katikati yake, na mkia wa gari unampita. Fundisho la kwanza basi ni kumaliza sehemu kubwa ya breki usukani ukiwa ungali umenyooka, kisha kuelekeza macho pale kona inapoishia. Mikono hufuata macho. Hilo likishaingia mwilini, hata barabara ya Nakuru usiku wa mvua utaiendesha vingine.

Kuhusu gari nitakuwa mkali: usianze na turbo. Magari hupangwa kwa madaraja, yanayovuta magurudumu mawili mbali na yanayovuta manne, yenye turbo mbali na yasiyo nayo, na watoto wana vigari vyao. Gari lenye nguvu hurudisha kwenye mnyooko muda ulioupoteza kwenye kona, nawe usijue umekosea wapi. Gari dhaifu halikufichii kitu. Pesa zako ziende kwenye kofia ngumu yenye nembo ya viwango, mikanda, breki na tairi, maana hivyo ndivyo wakaguzi wanavyovitazama kabla hujaruhusiwa kuwasha. Na usione aibu kwa gari la mitumba. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi magari mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Alishinda tena 1974 na 1976.

Kasi yenyewe si kipimo pekee katika mchezo huu. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa milima ya Aberdare, humtukuza aliyefika vituo vyote 13 kwa umbali mfupi kuliko wenzake, hata akijikokota makorongoni. Gharama zake ni kubwa, simpendekezei mgeni.

Ninachompendekezea ni kuja kwanza bila gari. Mashindano ya klabu hayaendi bila watu wa kushika bendera kwenye kona, kuandika muda, kukagua magari na kuzuia watazamaji wasivuke njia, na watu hao huwa hawatoshi. Ukisimama kwenye kona moja kutwa nzima utaona madereva wote wakiikata kona hiyohiyo, na utajua ni nani anayebahatisha. Jioni, magari yanapofunguliwa boneti, uliza. Mafundi wakali kabisa huongea wakishajua kwamba ulikuwa juani pamoja nao. Wengi hupata hapo kiti cha msoma ramani, na kwa kiti hicho hujifunza njia kabla hawajanunua hata spana.

Kenya leseni na kalenda hutoka kwa shirikisho la KMSF, Uganda kwa FMU. Tafuta tarehe ya otokrosi iliyo karibu nawe, wapigie simu waandaaji, uwaambie unataka kushika bendera.