Picha yako ikivuja, nani atakayeifuta?

TUSEME ni Jumamosi usiku, uko zako kwa keja unasonga ugali, na simu inaanza kulia bila kunyamaza. Jumbe tano, kumi, ishirini. Ya kwanza inauliza: "Huyu si wewe?" Chini yake kuna picha uliyomtumia mtu mmoja tu, mtu uliyempenda enzi hizo, na sasa iko kwenye chaneli yenye maelfu ya wafuasi.

Binamu yangu hakuhitaji kuambiwa "tuseme". Yalimpata hivyo hivyo akiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikaa naye usiku huo wote kwenye kitanda chake cha hosteli, kila mmoja na simu yake, tukibonyeza kitufe cha kuripoti hadi vidole vikachoka. Asubuhi jibu likaja kwa Kiingereza safi: picha hiyo haikukiuka kanuni za jamii yao. Jamii gani hiyo, sijui hadi leo.

Tukaenda kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu alitaka kwanza aione picha yenyewe, halafu akauliza ni nini kilimfanya msichana wa watu ajipige picha kama hiyo. Nambari ya OB tuliipata saa saba mchana baada ya kubembeleza sana. Wakati huo picha ilikuwa imeshafika kwenye grupu la WhatsApp la darasa lake.

Nakueleza haya kwa sababu kila serikali inapotangaza kwamba inataka kusafisha mitandao, sisi vijana hugawanyika mara mbili. Kuna wanaopiga kelele kwamba tunanyamazishwa, na kuna wanaosema hao wahuni wa mtandaoni wafungwe tu. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili, wakati mwingine katika wiki moja. Lakini swali la binamu yangu halikuwa kubwa kiasi hicho. Alitaka kujua ni nani, kati ya aliyeposti, mwenye jukwaa na serikali, aliye na kazi ya kuhakikisha picha imetoka kabla ya Jumatatu asubuhi, saa ya kuingia darasani.

Aliyeposti sheria inamjua vizuri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inasema kusambaza picha ya siri ya mtu mwingine ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na usidhani anayetafutwa hapo ni yule wa kwanza peke yake. Wewe uliyeikuta kwenye grupu moja ukaisukuma kwenye grupu jingine na emoji ya kucheka, nawe umesambaza.

Sasa linganisha na jirani zake. Katika sheria hiyo hiyo, kuchapisha habari za uongo chini ya kifungu cha 23 kuliwekewa faini ya hadi Sh5 milioni au miaka 10 jela. Unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu cha 27, ukawekewa hadi Sh20 milioni au miaka 10. Picha yako ya uchi ni laki mbili. Ukiziangalia bei hizo unaweza kukisia ni akina nani waliokuwa akilini mwa waliozipanga.

Kisha zikaja zile za 2025. Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria hiyo mnamo Oktoba 15, siku ile ile Wakenya walipopokea habari za kifo cha Raila Odinga, kwa hivyo wengi wetu tulikuja kushtuka baadaye. Marekebisho hayo yaliipa kamati ya kitaifa ya uhalifu wa mitandao uwezo wa kuagiza tovuti au programu isifikiwe na watu, ikithibitishwa kwamba inaendeleza shughuli zisizo halali, picha chafu za watoto, ugaidi, au itikadi kali za dini na madhehebu potovu. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27, baada ya mwanamuziki Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, kwenda kortini.

Nani atapinga kufungwa kwa tovuti ya picha chafu za watoto? Hakuna. Na baada ya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ni vigumu kumwambia mzazi yeyote kwamba mahubiri ya mtandaoni ni maneno matupu. Shida ni yale maneno mawili pale mwanzo wa orodha: "zisizo halali". Hayo yana nafasi ya kutosha kuingiza matatu nzima, makanga akining'inia mlangoni.

Muulize Rose Njeri. Mei 2025 alitengeneza tovuti ndogo iliyomsaidia raia kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Ukibofya, barua inakwenda. Alikamatwa Mei 30, akalala seli wikendi nzima ya Madaraka, kisha akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta chini ya sheria hiyo ya 2018. Juni 20 hakimu wa Milimani alikataa mashtaka hayo na kumwachilia. Sasa fikiria. Kesi ya mwenye tovuti iliyozungumziwa zaidi nchini mwaka huo haikumhusu mwenye chaneli ya picha za wasichana. Ilimhusu msichana aliyewasaidia watu kuandika barua kwa wabunge wao.

Tena serikali ikiamua kuzima, haizimi kwa sindano, inazima kwa nyundo. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, Telegram ilifungwa kwa sababu ya chaneli zilizokuwa zikiuza karatasi za mitihani, nyingine feki. Kama ulikuwa unaendesha biashara yako ya viatu huko, ulilala njaa pamoja na walaghai. Wajanja waliweka VPN wakaendelea.

Basi turudi kwa mwenye jukwaa, maana huyu ndiye anayekwepa kila mara. Yeye ndiye aliye na kitufe cha kufuta. Yeye ndiye anayelipwa kila unapotazama tangazo. Na akiulizwa, husema yeye ni kama mwenye ukuta tu, walioandika ukutani ni wengine.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, nikubali. Marekani iliiweka kwenye sheria mwaka wa 1996, na bila kinga hiyo huenda tusingekuwa na mitandao tunayoijua leo. Kama kila mwenye blogu angeshtakiwa kwa kila maoni ya mpita njia, angefunga sehemu ya maoni kesho. Lakini Ulaya wamesonga mbele. Sheria yao ya huduma za kidijitali ya 2022 haimlaumu mwenye jukwaa kwa kutojua. Inamlaumu akishaambiwa kisha akakaa kimya, na kampuni kubwa zinaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yao ya dunia nzima.

Ajabu ni kwamba hapa Kenya tunao mfano wa aina hiyo, lakini tulimpa mwanamuziki peke yake. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yaliweka utaratibu: mwenye wimbo ulioibwa anatuma notisi rasmi kwa mtoa huduma, na mtoa huduma ana muda unaohesabiwa kwa saa, si kwa miezi. Yaani wimbo wako ukiwekwa mtandaoni bila ruhusa, kuna fomu na kuna saa inayohesabu. Mwili wako ukiwekwa, nenda kituoni ukaulizwe kwa nini ulijipiga picha.

Na usifikiri kampuni hizi hazijui Kenya iko wapi. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuwasilisha matangazo yenye maneno ya chuki, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, yakaambiwa yarekebishwe sarufi na matusi, kisha yakapita. Ya Kiswahili yalipita moja kwa moja. Hayakuchapishwa, mashirika yaliyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Tume ya Utangamano, NCIC, ikaipa kampuni siku saba ijirekebishe au isimamishwe. Mawaziri wakatoka mbio kusema hakuna mtandao utakaofungwa. Sote tukashangilia, mimi nikiwemo. Ila katika kushangilia huko tulisahau kuuliza mbona chuki ya Kiswahili haikuhitaji hata kusahihishwa.

Gharama ya kusahau maswali kama hayo ipo, na mtu ameileta hadi Milimani. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Mwaka wa 2021, vita vya Tigray vikiendelea, posti za Facebook zilimtaja kwa jina, zikaweka picha yake na mahali anapoishi. Mwanawe Abrham aliripoti posti hizo. Novemba 3 mwaka huo baba yake alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 Abrham, mwenzake Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba waliishtaki Meta jijini Nairobi, kwa sababu ofisi ya kukagua posti za eneo hili ilikuwa hapa. Meta ikasema mahakama za Kenya haziwezi kuisikiliza kesi dhidi ya kampuni ya Marekani. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema zinaweza.

Uamuzi huo haukupata hata nusu ya kelele zinazopigwa mwanamuziki akigombana na mkewe TikTok. Lakini kwako wewe una uzito kuliko hotuba kumi za mawaziri. Maana yake ni kwamba mwenye jukwaa anaweza kuitwa ajibu hapa, kwa hakimu wa hapa, bila wewe kununua tiketi ya ndege kwenda California.

Wakaguzi wenyewe, kwa njia, walikuwa vijana kama wewe. Walikaa Nairobi wakitazama watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa ili wewe usivione. Zaidi ya 140 kati ya walioishtaki Meta na kampuni zilizowaajiri walipimwa na daktari, wakapatikana na msongo mkali wa akili unaotokana na waliyoyaona. Kwa hivyo mtu akikwambia kusafisha mtandao ni kazi ya mashine, mwambie aje Nairobi aulize.

Sasa wewe. Najua unasema huna tovuti. Una grupu la WhatsApp la watu 300 la ploti, au la kuuza mitumba, au la "vibe za Ijumaa", na jina lako lina neno admini mbele yake. Mwaka wa 2017, kabla ya uchaguzi, Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilitoa mwongozo unaomtaka msimamizi wa ukurasa au grupu adhibiti yanayosemwa humo. Mwongozo ni mwongozo tu, na sipendi wazo la admini kufungwa kwa kosa la mtu aliyeposti saa tisa usiku yeye akikoroma. Ila ukiamka ukaiona picha ya mtu pale, ukacheka, ukaiacha, hapo sina la kukutetea.

Na kama yaliyompata binamu yangu yakikupata, usianze kwa kuomba ifutwe. Anza kwa ushahidi: skrinishoti zenye linki, jina la akaunti, tarehe na saa. Kisha ripoti, uchukue OB, na ukitaje kifungu cha 37 kwa mdomo wako mwenyewe. Inashangaza jinsi sauti ya afisa inavyobadilika ukitaja nambari. Kuna StopNCII.org, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, halafu majukwaa kadhaa makubwa huitumia alama hiyo kuizuia. Na kuna Ofisi ya Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto. Hapo, kwa mara moja, aliyelipa ni mwenye ukurasa.

Picha ya binamu yangu ilitoka siku ya Jumatano. Haikutolewa na kampuni, wala na polisi. Rafiki yake wa darasani alimjua mtu anayemjua mwenye chaneli, mwanafunzi mwenzetu tu, chuo kingine, hata si mbali. Tukapata nambari, nikampigia. Hakukataa, hakubisha. Aliuliza, "Kwani ni dako?" Nikamwambia ndiyo, ni dada yangu. Ikafutwa kabla hatujakata simu.

Nikamuuliza, na hao wengine walio humo? Akasema hao hawajapiga.